Kupotea sam ukiingia dugun: jibu la aliyewahi kupotea

Mkuu, umesema kwenye tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, tintal (mzunguko wa mapigo 16) unaipiga safi yote, ila ukiingia dugun mikono inakimbia na sam, pigo la kwanza, inakupita. Ugonjwa huo niliuguza mwaka mzima nikiwa mwanafunzi Pune, India.

Nilidhani dugun ni kuongeza kasi. Kumbe laya ni mwendo wa makofi, na huo hauguswi. Kinachobadilika ni silabi (sauti za ngoma zinazotamkwa) unazoingiza ndani ya pigo moja: mbili dugun, tatu tigun, nne chaugun. Mwalimu wangu aliniondolea tabla wiki tatu nzima (na ada nimeshalipa!). Nikawa nakaa sakafuni napiga makofi na kutamka: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Kofi pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 unapunga mkono tu, kiganja juu. Hiyo ndiyo khali, neno la Kiarabu, ile ile ya jangwa la Rub al-Khali: tupu.

Sasa dugun usiianzie kwenye sam. Theka nzima, yaani zile silabi 16, kwa dugun inakula mapigo 8, kwa hiyo anzia khali, itakufikisha sam yenyewe. Chaugun inakula manne, anzia la 13. Tigun ndiyo jini: theka moja haikai sawasawa kwenye mapigo kamili, basi piga tatu mfululizo, sam hadi sam.

Na sikiliza bayan, ngoma ya kushoto. Besi yake inanyamaza pigo la 10 na kurudi la 14. Ikirudi tu, ujue sam iko mlangoni.

Programu za simu za kugonga tik tik mimi sizipendi, hazikuambii uko wapi. Tafuta lehra, kile kipande cha harmoniamu kinachojirudia kila mzunguko. Baada ya siku chache utaisikia sam inakuja bila kuhesabu. Rupak, mzunguko mwingine wenye mapigo 7, iache kwanza, khali yake imekaa juu ya sam, itakuvuruga.

Ukichoka, jaribu tihai hii (kifungu kinachorudiwa mara tatu) kuanzia pigo la 9, silabi moja kila pigo: ti te dha, ti te dha, ti te dha. Dha ya tatu inaangukia sam. Siku iliponiangukia mara ya kwanza nilipiga ukelele saa sita usiku, jirani akagonga ukuta.