Kumshitaki tajiri wako huku Uingereza, nakujibuni kwa ukweli

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Wete na Chake. Binti ami kaniuliza eti huku Uingereza mnyonge kama sie akidhulumiwa na tajiri wake anaweza kumpeleka mahakamani akalipwa au ni maneno tu, na wengine mmeshamjibu kuwa Ulaya haki ni bure. Mie yamenikuta, nisikilizeni.

Mwanzo nilipofika nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa mmoja, nilipoacha kazi tajiri akan'katalia mshahara wa wiki mbili za mwisho, pauni 538. Nikasema namwachia Mungu, Kiingereza sina, wakili simjui. Mama mmoja wa Kisomali niliokuwa nikifanya nae kazi ndo alonishika mkono mpaka Citizens Advice, hao wanatoa ushauri bure tangu 1939 vita vilipoanza, nikakalishwa na mzee mmoja anojitolea, kanisikiliza saa nzima hana haraka, akan'ambia kudai mshahara una miezi mitatu kasoro siku moja basi, ikipita umekosa. Wallahi nilikuwa nimebakisha siku tisa!

Nikafungua kesi kwenye mahakama ya kazi, sikulipa hata peni, na siku ya kusikilizwa mahakama wenyewe wakaniletea mkalimani wa Kiswahili. Nikashinda, nikalipwa.

Ila hiyo ya kutolipa ndo nataka muielewe, maana watu wanadhani Wazungu wamezaliwa nayo. 2013 serikali iliweka ada, kesi ya mshahara kama yangu ilikuwa pauni 390 mpaka isikilizwe, ya kufukuzwa kazi au ubaguzi 1,200. Hebu piga hesabu, nadai 538 nitoe kwanza 390 na sina hakika ya kushinda, nani atakwenda? Kesi zikapungua karibu thuluthi mbili, sio kwamba matajiri walitubia, watu walikaa na dhulma zao majumbani. Chama cha wafanyakazi, UNISON, kikaishitaki serikali, kikashindwa huko chini, kikakata rufaa kikashindwa tena, hakikuchoka, mpaka Julai 2017 majaji saba wa Mahakama ya Juu wakasema ada ile ni batili tangu siku ilipowekwa kwa sababu inamzuia mtu kuifikia haki yake. Mie nimepita mlango ambao wengine waliusukuma miaka minne.

Na mwengine umefungwa. Tangu sheria ya 1949 asie na uwezo alikuwa analipiwa wakili na serikali, 2013 hiyohiyo wakapunguza sana, kesi nyingi za talaka na za kugombania watoto zikatolewa. Namjua dada wa Mkoani kasimama peke yake mbele ya hakimu, mumewe ana wakili kavaa suti, usiku ananipigia analia ananiuliza maana ya maneno ya kwenye karatasi za mahakama na mie siyajui. Hilo limeniuma kuliko mshahara wangu.

Sasa binti ami, wewe ndo umeniuliza na najua kwa nini, ile hoteli ilokuachisha kazi bila ya kukulipa. Usikae ukasema haki iko Ulaya. Zanzibar kuna Kituo cha Huduma za Sheria tangu 1992, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na wasaidizi wa sheria wamo humohumo mashehiani, watu wa kwetu wanozungumza kama wewe. Sheha ataita suluhu, sawa, lakini ukiambiwa pokea nusu ujinyamazie usitie saini kabla hujamuona msaidizi wa sheria. Kamuulize kwanza siku ya mwisho ya kudai ni lini, mie ilibaki kidogo initoke. Meseji za meneja usizifute, na ile karatasi ya mkataba ipige picha leo unitumie na mie niiweke.