Maswali yenu wiki hii: taka za mpakani ni za nani?

Swali: Nakaa pembezoni mwa Moshi, nyumba yangu iko halmashauri ya wilaya, ng'ambo ya barabara ni manispaa. Gari la taka linapita kule, kwetu halifiki. Shida nini?

Jibu: Shida ni mpaka mama, barabara moja ila bajeti mbili. Juzi jioni nimepita sehemu kama hiyo, viroba vimerundikwa ukingoni mwa mtaro, mbwa wanavichana, pampasi zimetapakaa, na mvua ikinyesha ule uchafu unavuka tu, hauulizi huku wilaya au manispaa, gari la kuuzoa ndo halivuki. Inaniuma kweli. Dawa ni halmashauri mbili zikae zikubaliane kwa maandishi, gari lipite na huku, wilaya ichangie mafuta na hela ya vibarua, ijulikane nani anakusanya ada na dampo ni lipi, maana bila karatasi siku dereva akiambiwa arudi anarudi.

Swali: Sheria inaruhusu au itaishia kuwa hoja ya wakaguzi wa hesabu?

Jibu: Inaruhusu kaka. Sheria za serikali za mitaa za 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, zinaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja. Hoja inakuja mkipeana huduma kwa simu, hela imetoka haina maelezo.

Swali: Si bora tuunganishwe tu iwe halmashauri moja?

Jibu: Hapo sikubaliani. Ufaransa wana manispaa kama 35,000, nyingi hazifiki watu elfu moja, na tangu 1890 sheria inaziruhusu ziungane kwa huduma fulani tu kama maji au taka, kila moja imebaki na meya wake. Hata hapa kwetu maji ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, yanavuka mpaka wa manispaa na hakuna kata iliyofutwa. Mkulima wa mpunga Mabogini kule wilayani na mwenye duka Double Road mjini shida zao hazifanani, kila mmoja anahitaji diwani anayemjua.

Swali: Sasa mimi nianzie wapi?

Jibu: Kwa mwenyekiti wako wa kitongoji, alafu mtafute na wa mtaa wa ng'ambo muende pamoja kwa madiwani wenu wote wawili. Piga picha hivyo viroba, andika tarehe. Ila wahini vikao vya bajeti jamani, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ukienda Agosti utaambiwa subiri mwakani.