Usiwagawie watoto hao nakala za mchezo

Usiwagawie nakala hizo. Umeandika kwamba unafundisha maigizo darasa la kwanza na la pili, kwamba mchezo umekwisha kuuandika, na kwamba wiki ijayo kila mtoto atakwenda nyumbani na mistari yake ya kukariri. Ukauliza pia kuhusu mavazi, muda wa mazoezi na namna ya kuwafanya wasikike. Mimi nimepita njia hiyohiyo, nami siwezi kunyamaza nikikuona unaielekea.

Aliyenielekeza huko ni mwezeshaji wa semina ya walimu, aliyetuambia kwa uhakika wote kwamba mtoto akishakariri, uigizaji utakuja wenyewe. Hauji. Mtoto wa miaka sita au saba bado anahangaika kuunganisha herufi. Ukimpa karatasi, akili yake yote inakwenda kwenye maneno, wala hakuna inayobaki kwa ajili ya mwenzake aliyesimama mbele yake. Siku ya maonyesho, msichana aliyekuwa sungura alisema maneno yake bila kukosea hata moja, lakini macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu pembeni mwa jukwaa, huku mvulana aliyekuwa simba akiyatamka kimyakimya maneno ya sungura ili ajue zamu yake itafika lini. Kisha mtoto wa tatu akaruka sentensi moja, na wote wakaduwaa, kwa sababu walijua mistari tu, hawakuijua hadithi. Mtoto huyo alilia, na tangu hapo akakataa kabisa kupanda jukwaani. Hasira yangu kwa yule mwezeshaji haijaisha, kwani alitufundisha jambo ambalo ni dhahiri hakuwahi kulijaribu na watoto wa umri huo.

Laiti angalitueleza habari za Viola Spolin, aliyewafundisha watoto uigizaji mjini Chicago kwa njia ya michezo, akiwaelekeza kwa maneno mafupi wakiwa katikati ya mchezo, bila kuusimamisha. Simulia hadithi, kisha darasa zima liwe simba kwa pamoja, halafu wote wawe sungura. Wanapobeba mzigo usioonekana, sema ukiwa pembeni, “Njia inateleza! Mzigo unazidi uzito!” nawe utaona magoti yakikunjika na vidole vikikaza. Ukitaka wasikike, usiwaambie wapaze sauti, maana watapiga kelele. Waambie wazungumze na mtu aliyeketi nyuma kabisa, karibu na ukuta. Wakikwama, ingia mwenyewe ndani ya hadithi kama mhusika, jinsi Dorothy Heathcote, mwalimu wa maigizo wa Uingereza, alivyokuwa akifanya, uwaulize jambo ambalo mhusika huyo analihitaji kweli.

Karatasi isiingie mikononi mwa watoto mpaka kila mmoja aweze kuicheza hadithi nzima, katika nafasi ya mhusika yeyote, kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo uandike, ukitumia yale yaliyotoka vinywani mwao. Katika mchezo uliokwisha kuuandika, chukua mfuatano wa matukio tu, na mengine yote uyaweke kando.