Kabla hujamwandikia mwalimu mwenzako wa Ujerumani

Mwalimu mwenzangu,

Hongera kwa kupata shule rafiki kule Ujerumani. Umesema mnataka kufundisha Vita vya Majimaji kwa pamoja, darasa lako na darasa lao. Mimi nimefundisha Historia mkoani Ruvuma na kazi kama hiyo nimeifanya kwa miaka kadhaa. Nakuandikia yale ambayo natamani ningeambiwa mapema.

Jambo la kwanza lilinikuta kwenye kichwa cha habari tu. Tulikubaliana kila upande uandae ukurasa mmoja wa utangulizi. Wa kwangu niliuita "Vita vya Majimaji, 1905–1907". Wa mwenzangu ulipotafsiriwa ukasomeka "Uasi wa Majimaji". Nilikasirika kweli. Muasi ni mtu anayemkataa mtawala wake halali; Wajerumani walipewa uhalali huo na nani? Nilianza kuandika ujumbe wa kumtaka abadilishe, kisha nikauacha hadi asubuhi. Kulipokucha niliupeleka ukurasa wake Kidato cha Tatu ulivyo, nikaandika ubaoni maneno mawili, VITA na UASI, nikauliza: anayechagua neno hili anataka tuamini nini? Dakika 40 hazikutosha. Nikamwomba mwenzangu naye afanye vilevile. Alinijibu kwamba wanafunzi wake hawakuwahi kufikiri kuwa neno walilolikuta kitabuni lilichaguliwa na upande mmoja wa mapigano. Tangu siku hiyo, tukitofautiana naye hatufichi. Tofauti yenyewe inakuwa kipindi.

Kwa hiyo anza na karatasi moja ambayo madarasa yote mawili yataisoma. Usianze na maboksi ya vitabu vilivyotumika wala kalamu za msaada. Najua shule zetu zina mahitaji, na hakuna aibu kupokea. Lakini mkianza hivyo, wanafunzi wako watajifunza kushukuru kabla hawajajifunza kuuliza, na anayeshukuru huona haya kumpinga mfadhili wake.

Karatasi yetu tuliigawa safu tatu. Mbinu hii tuliichukua kwa walimu wa Kiisraeli na Kipalestina, waliofanya kazi chini ya Dan Bar-On na Sami Adwan: historia ya upande mmoja kulia, ya upande wa pili kushoto, na katikati mistari mitupu ya mwanafunzi kuandika yake. Shule ya mwenzangu iko kusini mwa Ujerumani, na wao walileta habari za Askofu Cassian Spiss, mmisionari Mkatoliki wa shirika la Wabenediktini aliyeuawa Agosti 1905 pamoja na watawa aliosafiri nao. Sisi tulileta Februari 27, 1906, siku viongozi wa Wangoni waliponyongwa pale Songea, Nkosi (yaani chifu) Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Wanafunzi wangu wengi ni Wakatoliki, misheni ya Peramiho ni jirani, na baadhi yao walizaliwa katika hospitali ya wamisionari haohao. Usidhani mpaka wa historia hii unapita kati ya Mzungu na Mwafrika peke yake. Unapita katikati ya darasa lako.

Hilo nilifundishwa na kijana mmoja aliyenifuata baada ya kipindi. Aliongea kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwetu wanasema babu wa babu alikuwa askari wa Mjerumani. Nisiandike?" Ukoo wake ulitoka mbali na Songea. Nilikuwa nimefundisha mwezi mzima nikisema "Wajerumani walichoma", "Wajerumani waliua", ilhali wengi waliobeba bunduki upande ule walikuwa Waafrika: Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Hata Wahehe, ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wakipigana na Wajerumani chini ya Mkwawa, safari hii walisimama upande wa serikali. Nilimwambia aandike. Kabla hujatafuta mwenzako ng'ambo, chunguza kwanza ni historia ngapi zimekaa kimya kwenye madawati yako mwenyewe.

Halafu kuna takwimu. Idadi ya waliokufa inatajwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wanafunzi watataka uwape namba moja. Usiwape. Waulize kwa nini pengo ni kubwa hivyo. Wengi hawakufa kwa risasi. Majeshi yalichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia vijijini, na anayekufa kwa njaa porini hana wa kumwandika. Swali hili lilifanya kazi vizuri pande zote mbili kuliko somo lolote nililowahi kuandaa.

Mkienda kwa wazee, wafundishe wanafunzi kutofautisha aliyeona na aliyesimuliwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kukusanya masimulizi, na waliwakuta walioiona vita kwa macho yao. Sisi tunawapata wajukuu na vitukuu. Maneno yao yana uzito, ila uliza kila mara: hili ulilisikia kwa nani? Na wanafunzi waandike kwanza kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza walinipa mistari miwili ya kukariri. Kwa Kiswahili, mtoto yuleyule alijaza ukurasa na nusu. Tafsiri itakuja baadaye.

Mambo ya ratiba nitayapitia haraka. Saa za Ujerumani ziko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Hubadilika mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, na ndiyo sababu darasa langu liliwahi kukaa mbele ya skrini tupu. Andika saa kwa tarakimu, maana "saa nne" yako si "saa nne" yake. Agosti wao wako likizo, Novemba sisi tuna mtihani wa Kidato cha Nne. Bando likiwa tatizo, sauti za WhatsApp zinatosha. Ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi kuhusu picha ipatikane kwa maandishi.

Jambo moja naliogopa hadi leo. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Muda mfupi baadaye, tukiwa kwenye mazungumzo ya video, mwanafunzi wangu alimuuliza binti wa kule: "Na wewe je, unaomba msamaha?" Binti akashindwa kujibu, akainamisha kichwa. Kosa lilikuwa langu, sikuwaandaa. Siku hizi tunaanza kwa makubaliano: hakuna mtoto anayesimama mahali pa babu yake, awe mzao wa aliyenyonga au wa aliyenyongwa.

Yule kijana aliandika. Safu ya katikati aliiacha wazi wiki nzima, kisha akaweka swali moja: "Mwaka ule wa njaa, babu askari alipokuwa akila posho ya Mjerumani, jirani zake walikula nini?" Tulilituma Ujerumani kama lilivyo. Muhula huu madarasa yote mawili yanalifanyia kazi.