Oerlikon na Bofors kwenye sitaha moja

Mkuu, umeuliza kwa nini manowari za Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili zilibeba Oerlikon, mizinga midogo ya kutungua ndege ya milimita 20, ilhali Bofors, mizinga mikubwa zaidi ya milimita 40, zilikuwepo. Ni suala la umeme na nafasi. Oerlikon haikuhitaji umeme: unaifunga popote kwenye sitaha, na umeme wa meli ukizimika bado inafyatua. Ila masafa yake ya maana ni kama kilomita moja tu. Marubani wa Kijapani walipoanza kujitoa mhanga kwa kugongesha ndege zao kwenye meli Oktoba 1944, risasi zake zilitoboa ndege lakini ikaja hivyo hivyo. Bofors, kombora karibu gramu 900, iliweza kuivunja. Binafsi naipa sifa zaidi mizinga ya milimita 127 yenye makombora ya fyuzi (kifaa cha kulipua) ya redio, yaliyolipuka karibu na ndege bila kuigusa.