Tumezaliwa hapa, mbona twaitwa wageni?

Tangu niguse habari ya vipande, yaani vitambulisho vya taifa, vya Wapemba na Wamakonde wa pwani ya Kenya, maswali hayajakatika. Leo najibu manne.

Babu alikuja dago, kambi ya wavuvi, kutoka Pemba, baba kazaliwa Vanga, huku Kwale, na mimi pia. Bado naambiwa nirudi kwetu. Kwetu wapi?

Kwenu ni Vanga. Babu yako alifanya wafanyavyo wavuvi wa pwani hii tangu enzi: kaskazi ikituliza bahari, watu hufuata samaki, hupiga dago, kisha wengine hurudi na wengine huoa wakabaki. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 walifika na waliokuwa wakiokoa roho zao. Serikali iliwatambua Wapemba kuwa Wakenya mwaka 2023. Wewe huna kwingine, na hustahili kuulizwa.

Bahari ni ya Mungu. Mvuvi akikosa kipande anapoteza nini hasa?

Bahari ni ya Mungu, leseni ya uvuvi ni ya serikali. Miaka hiyo kabla ya kutambuliwa nilikaa asubuhi moja penye mizani ya samaki, nikamwona mzee akimwaga tafi na changu kutoka kwenye tenga. Wakapimwa, wakaandikwa kwa jina la jirani yake. Pesa nazo zikaingia kwenye simu ya jirani, maana hata laini husajiliwa kwa kitambulisho. Mzee akakaa kwenye gogo akingoja agawiwe jasho lake. Jirani alikuwa mwaminifu, alhamdulillahi. Lakini mtu amevua maisha yake yote, na hakuna daftari linaloonyesha kwamba aliwahi kushika hata dagaa. Mkopo ataombaje? Akidhulumiwa, atashtaki kwa jina la nani?

Mimi ni Mmakonde wa Makongeni. Oktoba 2016 tulitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Tukatambuliwa kabila la 43. Mbona ardhi bado shida?

Kwa sababu haki yenu ilichelewa mno. Wazee wenu walitoka Msumbiji wakakata mkonge na kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Ramisi, na nembo zao, zile chale za usoni, kila mtu aliziona. Lakini asiye na kipande hawezi kuandikisha shamba, hata akilima miaka 50. Vipande vilipokuja, wengi wenu mlikuta mnalima ardhi yenye jina la mtu mwingine. Kuwatambua bila kushughulikia hilo ni kazi nusu, na nitaendelea kulisema.

Mwanangu anachekwa shuleni kwa lafudhi ya Kipemba. Nimkanye?

Hapana! Kwale hiyo hiyo kuna Wadigo, Wasegeju na Wavumba, kila mmoja na matamshi yake. Wa kuzungumza naye ni mwalimu wa darasa. Nenda Jumatatu, mapema, kabla kengele haijalia.