Bodi ipo, mbona ripoti haisemi hatari?

SWALI: Mhariri habari, mi niko uhasibu kwenye shirika la serikali, kila mwaka ukurasa wa hatari (mambo yanayoweza kulitia shirika hasara) kwenye ripoti yetu unakopiwa ule ule wa mwaka jana, sasa bodi inafanya kazi gani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hilo ni la bodi kabisa, menejimenti haiwezi kujianika yenyewe. Angalia wajumbe wametokea wapi, kama wengi wamewekwa kisiasa na wanamtegemea waziri, nani ataandika kwamba mkopo wa fedha za kigeni unaweza kuwalemea? Lakini wakiwepo wajumbe huru wanaoelewa mahesabu, na kamati ya ukaguzi ya bodi ikawa inakaa na mkaguzi wa ndani bila mkurugenzi mkuu kuwepo, hapo ndo ripoti inaanza kutaja deni kiasi gani, serikali imedhamini nini, nani anafuatilia. Hata mwongozo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi, wanachama wake wengi ni nchi tajiri) wa mashirika ya umma, uliotoka 2005 ukarekebishwa 2015 na 2024, unataka hatari kubwa zielezwe wazi. Ukubwa wa bodi sio ishu sana kwa maoni yangu. Wewe mpelekee mkaguzi wa ndani kurasa za miaka yote miwili, aziweke mezani kwa kamati.